Likizo inaisha nguvu wiki ya kwanza tu: kosa ni la likizo au la namna tunavyoichukua?

MpangaZamu

Habari zenu wakuu.

Swali hili ni kwa wanaoijua saikolojia ya kazi na afya ya akili. Mawakala wa safari mnisamehe, leo sihitaji vifurushi.

Naandaa mwongozo wa likizo kwa wafanyakazi wa ofisini wenye siku 21 za kazi kwa mwaka. Malalamiko yanayojirudia ni haya: mtu anaondoka amechoka, anarudi anang'aa, na kabla wiki haijaisha amekuwa yuleyule wa zamani. Wengine hata hawafiki huko, wanaumwa kichwa au mafua siku ya kwanza ya mapumziko, na siku mbili tatu zimekwenda na maji.

Naomba msaada kwenye mambo manne. Faida ya likizo kwa akili hudumu muda gani hasa? Ni bora kuzichukua siku zote kwa mkupuo au kuzikatakata? Kwa nini mwili hugoma pale tu unapopewa nafasi ya kupumzika? Na mtu afanye nini, hatua kwa hatua, kabla ya kuondoka na baada ya kurudi?

Tafadhali leteni vitu vinavyotekelezeka. "Pumzika, furahia maisha" tunayo tayari ukurasa wa kwanza.

---

Tulivu_Kazini

Mkuu, nianze na namba, maana hapo ndipo watu hudanganyana kwa pande zote mbili.

Mwaka 1997 Mina Westman na Dov Eden walichapisha utafiti wa makarani 76. Waliwapima uchovu wa kazi mara mbili kabla ya likizo, mara moja wakiwa likizoni, na mara mbili baada ya kurudi. Uchovu ulishuka vizuri likizoni. Siku ya tatu baada ya kurudi ulikuwa umeshaanza kupanda, na wiki ya tatu ukawa umerudi palepale. Huko Uholanzi, Jessica de Bloom na wenzake (2013) waliwafuatilia wafanyakazi 54 kwenye likizo ndefu, wastani wa siku 23. Hali ya afya na furaha ilipanda haraka, ikafika kilele siku ya nane, na waliporudi kazini ikashuka hadi ilipoanzia ndani ya wiki ya kwanza. Kwa hiyo hao wanaolalamika hawazushi.

Lakini usiandike kwenye mwongozo kwamba likizo haina maana. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2025, uliounganisha tafiti 32, umeonyesha kwamba faida ni kubwa kuliko tulivyokuwa tukidhani, na hushuka taratibu zaidi. Waliofaidika zaidi ni waliofanikiwa kuiondoa kazi kichwani, na waliojishughulisha na mazoezi ya mwili.

Kosa letu ni kuichukulia likizo kama akiba ya benki, kwamba ukiweka nyingi Desemba utatoa kidogokidogo hadi Juni. Mapumziko hayawekeki. Hakuna anayelala saa ishirini leo ili kesho na keshokutwa asilale.

Sasa, kinachopumzisha ni nini? Mwaka 2007 Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz walitengeneza kipimo chenye mambo manne: kujitenga na kazi kiakili, utulivu wa mwili na akili, kujifunza au kumudu jambo jipya, na kuwa na usemi juu ya muda wako mwenyewe. Ukiangalia likizo zilizoharibika, mara nyingi ni lile la kwanza lililovunjika. Na halivunjwi na jambo kubwa. Ni ujumbe mmoja saa sita mchana: "Samahani kukusumbua, lile faili la mteja liko wapi?" Kuujibu ni sekunde arobaini. Ila baada ya hapo akili inaanza kuzunguka: kwa nini wanalitafuta leo? Mteja amelalamika? Nani anaishughulikia? Mtu yuko ufukweni lakini alasiri yote yuko ofisini.

Bluma Zeigarnik aliripoti mwaka 1927 kwamba jambo lililoachwa katikati hung'ang'ania kwenye kumbukumbu kuliko lililokamilika, ingawa tafiti za baadaye hazijakubaliana juu ya hilo. Na habari njema ilikuja mwaka 2011 kwa Masicampo na Baumeister: si lazima ulimalize. Ukiandika mpango mahususi wa lini na vipi utalimalizia, akili hulegeza mkono. Hatua za kabla ya kuondoka zinatoka hapo.

Siku kumi za kazi kabla, acha kupokea kazi mpya ambayo tarehe yake ya mwisho inaangukia likizoni. Sema waziwazi, usinyamaze ukitumaini watasahau.

Siku tano kabla, andika hati ya makabidhiano, ukurasa mmoja, usizidi. Kila kazi iwe na mistari mitatu: imefikia wapi, hatua inayofuata ni ipi na ya tarehe gani, nani anaishika. Ikikosa jina la mtu, hujaikabidhi, umeitelekeza tu, na simu itakufuata wewe.

Siku ya mwisho usianze chochote. Saa ya mwisho kazini itumie kuandika kitu kimoja: ukirudi, jambo la kwanza utakalofanya ni lipi. Karatasi hiyo iache mezani.

Kuhusu simu, kuzima mlio hakutoshi. Ile namba nyekundu kwenye alama ya barua pepe inafanya kazi yake kimyakimya. Toka kabisa kwenye akaunti ya kazi, ili kurudi kudai nywila. Ule usumbufu mdogo ndio ulinzi wenyewe. Makundi ya kazi ya WhatsApp yafiche kwenye sehemu ya kumbukumbu (archive) na uyanyamazishe muda wote. Dharura iwe na mtu mmoja anayeruhusiwa kukutafuta, kwa njia moja tu, simu ya sauti, na muandike mapema dharura ni kitu gani. "Mkurugenzi ameuliza" si dharura.

Jibu la barua pepe linalojituma lenyewe liseme unarudi siku moja baada ya siku unayorudi kweli. Kuna waajiri waliokwenda mbali zaidi. Kampuni ya magari ya Daimler ya Ujerumani ilijulikana mwaka 2014 kwa kumruhusu mfanyakazi achague barua pepe zinazoingia akiwa likizoni zifutwe, na mtumaji aambiwe amtafute nani mwingine. Kama mamlaka unayo, hilo lina thamani kuliko kipeperushi chochote.

Kurudi nitakuandikia chini, hapa pameshakuwa parefu.

---

Kipimo_Sawa

Nampinga Tulivu kidogo, au tuseme namuongezea.

Watu wakisoma "kilele siku ya nane, faida inaisha wiki moja" wanaruka moja kwa moja hadi "basi tukate siku zote 21 vipande vya wikiendi ndefundefu". Huo ni mtego. Siku mbilimbili hugeuka siku za kushughulikia mambo yaliyorundikana: benki, fundi, kliniki, ndugu. Zinafutwa kwenye daftari la likizo na hakuna aliyepumzika. Mkataba wa 132 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1970 unaweka kiwango cha chini cha wiki tatu za kazi kwa mwaka, na unaposema likizo inaweza kugawanywa, unataka kipande kimojawapo kiwe angalau wiki mbili mfululizo, isipokuwa pande mbili zikikubaliana vinginevyo. Waliouandika hawakukosea sana.

Kwa siku 21, mgawanyo ninaoupendekeza ni huu: kipande kimoja cha siku 10 za kazi, ambacho ukihesabu wikiendi za mwanzo, katikati na mwisho kinakupa siku 16 za kalenda. Vipande viwili vya siku 4, kila kimoja ukianza Alhamisi na kurudi Jumatano, unapata siku 6 zenye wikiendi katikati. Zinabaki 3 za dharura, zisizoguswa kwa ajili ya starehe.

Sababu ya kuwa na vipande vitatu si kupumzika tu. Jeroen Nawijn na wenzake (2010) waliwachunguza Waholanzi 1,530, 974 kati yao wakiwa wamesafiri. Waliokuwa na safari mbele yao walikuwa na furaha zaidi KABLA ya kuondoka kuliko wasiokuwa na safari. Waliporudi, hawakutofautiana na waliobaki nyumbani, isipokuwa wale waliosema safari yao ilikuwa tulivu sana. Kwa hiyo sehemu nzuri ya faida iko kwenye kusubiri, na mwenye safari tatu ana misimu mitatu ya kusubiri. Tarehe ziwekwe kwenye kalenda na ziidhinishwe mwanzoni mwa mwaka. Likizo ya "tutaona mambo yakitulia" haisubiriwi na mtu.

Na jamani, "safari" na "likizo" si kitu kimoja. Anayekaa nyumbani siku kumi bila kazi na bila simu ya bosi anaweza kupumzika kumzidi aliyevuka bahari na ratiba ya miji sita.

---

Saa_ya_Mwili

Nichukue swali la tatu, la mwili kugoma.

Kwanza, maumivu ya kichwa ya siku ya kwanza. Kabla hujalaumu msongo, uliza kuhusu kahawa na chai. Mtu mwenye mazoea ya kikombe cha saa mbili asubuhi ofisini, siku ya kwanza ya likizo analala hadi saa tano na hanywi kitu. Dalili za kukosa kafeini huanza kati ya saa 12 na 24 tangu kikombe cha mwisho, hufika kilele kati ya saa 20 na 51, na zinaweza kuendelea siku 2 hadi 9. Hesabu mwenyewe: kikombe cha mwisho Ijumaa saa tisa alasiri, kichwa kinaanza kugonga Jumamosi asubuhi na kufikia ukali wake Jumapili. Anayejua hili ana njia mbili tu. Anywe kikombe chake saa ileile kama siku za kazi, au apunguze robo kila siku mbili tatu wiki moja na nusu kabla ya kuondoka.

Kwa wenye kipandauso kuna jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 na Richard Lipton na wenzake ulionyesha kwamba hatari ya shambulio hupanda sana ndani ya saa sita za kwanza baada ya msongo kushuka. Hukusoma vibaya, KUSHUKA. Maana yake ni kwamba usitoke kwenye mwendo wa kasi hadi sifuri kwa usiku mmoja. Wiki ya mwisho ya kazi ishuke yenyewe, na siku mbili za kwanza za likizo zibaki na umbo: kuamka kusizidi saa moja na nusu kupita kawaida, kula kwa wakati, kutembea kwa miguu dakika thelathini hivi.

Ama wale wanaougua mafua na uchovu kila likizo, Ad Vingerhoets wa Uholanzi na wenzake waliichunguza hali hiyo mwaka 2002, na waliokutwa nayo ni kama watu 3 katika kila 100. Sifa zilizojirudia kwao ni kazi nyingi, kushindwa kuiacha kazi, na kujibebesha wajibu kupita kiasi. Kwa wengi waliobaki maelezo ni mepesi zaidi: wiki ya mwisho wamelala saa tano kwa usiku ili wamalize kazi, kisha wakaingia kwenye chombo kilichojaa watu wanaokohoa. Ukitaka kubadilisha kitu kimoja tu kwenye mwongozo wako, andika kwamba usiku tatu za mwisho kabla ya safari ni za kulala, na mizigo ifungwe siku mbili kabla.

Usiku wa kwanza ugenini pia utegemee kulala vibaya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walionyesha mwaka 2016 kwamba usiku wa kwanza mahali pageni upande mmoja wa ubongo hulala kijuujuu kuliko mwingine, kama mlinzi aliyesinzia kitini. Hauna kasoro yoyote. Ila usipange shughuli nzito asubuhi inayofuata, na ukihama malazi kila siku mbili, unajiwekea usiku wa kwanza mara nne kwa safari ya siku nane.

Sasa kuvuka majira ya saa, yaani kwenda mahali ambako saa inatofautiana na ya kwenu. Saa ya mwili wa binadamu ni ndefu kidogo kuliko siku, kama saa 24 na dakika 10, ndiyo maana kwenda magharibi, ambako siku hurefuka, ni rahisi kuliko kwenda mashariki. Kwa makadirio, mwili husogea saa moja kwa siku ukielekea mashariki, na saa moja na nusu ukielekea magharibi. Mwanga ndio usukani, na kosa linalofanywa ni kuambiwa "ukifika tu, toka nje upate jua".

Chukua mtu anayeamka saa kumi na mbili asubuhi kwao. Joto la mwili wake hufika chini kabisa saa mbili hadi tatu kabla ya hapo, tuseme kuelekea saa kumi usiku. Mwanga ukimpata kabla ya nukta hiyo, saa yake inarudi nyuma. Ukimpata baada yake, inasonga mbele. Amesafiri mashariki kwa tofauti ya saa sita, kwa hiyo ile saa kumi usiku ya kwao ni saa nne asubuhi huko alikofika. Akitua alfajiri akaenda kuota jua saa moja asubuhi, anaisukuma saa yake upande usiotakiwa, na ataishi wiki nzima hajui usiku wala mchana. Siku ya kwanza avae miwani myeusi au akae ndani hadi saa nne, kisha atafute mwanga wa nje kuanzia saa nne hadi saa nane mchana. Siku ya pili dirisha hilo lianze saa tatu, ya tatu saa mbili, na kuendelea. Safari isiyozidi siku tatu, asihangaike, abaki na saa za kwao.

Hili si anasa. Strauss-Blasche na wenzake (2005) waliwachunguza wafanyakazi 191 wakaona kwamba kupona uchovu kulisaidiwa na usingizi mzuri, mazoezi, muda wa peke yako, kufahamiana na watu wapya, na mahali penye joto na jua. Kilichoongeza uchovu kilikuwa kuugua likizoni na tofauti kubwa ya majira ya saa. Mtu mwenye siku tisa akichagua mahali penye tofauti ya saa tisa, amenunua likizo ya siku chache tu.

---

MpangaZamu

Asanteni sana, hii ya mwanga sijawahi kuiona ikielezwa hivi.

Swali la nyongeza. Kuna wafanyakazi wenye sonona, na wengine wana ugonjwa wa baipola (hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) au wasiwasi uliopitiliza. Ushauri wanaopewa na kila mtu ni "safiri ubadilishe mazingira". Mwongozo useme nini?

---

Muuguzi_Akili

Useme kwamba safari si dawa ya sonona, na useme kwa upole, kwa sababu anayetoa ushauri huo kwa kawaida anampenda mgonjwa.

Sonona kali huua uwezo wa kufurahia. Ukimpeleka mtu wa namna hiyo mahali pazuri, haoni uzuri, anaona kwamba "hata hapa sijisikii kitu", na juu yake inaongezeka hatia ya fedha zilizotumika na nyuso za familia zinazomsubiri acheke. Kinachosaidia kinafanana na safari kwa mbali tu: shughuli ndogo zilizopangwa na kurudiwa kila siku, hata kama hamu haipo. Kwa hiyo mtu mwenye sonona ya wastani anayetaka kusafiri, asafiri, lakini kwa masharti: shughuli moja kwa siku, saa ya kuamka isiyobadilika, tiketi inayoweza kubadilishwa, na aliyefuatana naye aambiwe mapema kwamba kukaa chumbani asubuhi moja hakuharibu chochote. Mwenye mawazo ya kufa au kujidhuru hasafirishwi "akapunge upepo". Haachwi peke yake, na anapelekwa kwa wahudumu wa afya siku hiyohiyo.

Baipola ni habari nyingine. Hapa adui ni kukosa usingizi. Usiku mmoja uliokatika unaweza kuwasha hali ya kupandwa na msisimko, kwa hiyo ndege ya usiku inayoelekea mashariki ni chaguo baya wakati ya mchana ipo. Alama za mapema ambazo msafiri mwenza azijue: amelala kwa muda wa saa tatu tu na hachoki, anaongea haraka, anatumia fedha bila hesabu, mipango mikubwa inazaliwa kila saa.

Anayetumia lithiamu, dawa ya baipola, azingatie maji na chumvi. Jasho jingi, kuharisha, kutapika, au kuacha chumvi ghafla hupandisha kiwango chake kwenye damu. Dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac hufanya vivyo hivyo, na hizo ndizo zinazonunuliwa bila kufikiri mtu akiumwa mgongo safarini. Kwa maumivu ya kawaida paracetamol ni salama zaidi kwake. Akianza kutetemeka mikono kuliko kawaida, kutapika, kuyumba akitembea au kuongea kwa kuvuta maneno, aende hospitali akapimwe kiwango leo, asisubiri arudi.

Dawa kwa ujumla: ziwe kwenye begi la mkononi, kamwe zisiwe kwenye mzigo unaokabidhiwa. Kopo au boksi la asili lenye jina lake. Za kutosha safari nzima na siku 7 za ziada. Barua ya daktari yenye jina la kitaalamu la dawa, kipimo na sababu, maana majina ya kibiashara hubadilika kila nchi. Na kila nchi mtakayopita, hata ya kuunganisha ndege, muangalie sheria zake. Japani, kwa mfano, hairuhusu kuingiza dawa zenye amfetamini (kichangamshi cha ubongo) hata kama una cheti cha daktari. Dawa za usingizi na za wasiwasi zina masharti sehemu nyingi.

Kusahau dozi likizoni ni kawaida kwa sababu ratiba imevurugika. Kwa dawa za sonona kama paroxetine na venlafaxine utaliona haraka: kizunguzungu, kichefuchefu, hasira zisizo na sababu, na vile vishtuko kichwani kama shoti ya umeme. Watu huvidhania malaria au chakula kibaya. Nikiwa nimeitaja malaria, dawa ya kinga yake iitwayo mefloquine haipewi mtu mwenye historia ya ugonjwa wa akili. Tangu mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani imeiwekea onyo lake la ngazi ya juu kabisa kwa madhara ya neva na akili. Zipo kinga nyingine. Mwambieni daktari wa safari ukweli wote, aibu hapa ni ghali.

Hofu ya ndege nayo. Mwaka 1997 Frank Wilhelm na Walton Roth waliwachunguza wanawake 28 wenye hofu hiyo. Waliopewa alprazolam, dawa ya kutuliza wasiwasi, walijisikia nafuu safari ya kwanza, lakini safari ya pili, bila dawa, hofu ilikuwa kubwa kuliko ya wenzao waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kidonge kinakuvusha leo na kumnyima mwili nafasi ya kujifunza kwamba umefika salama. Kwa anayeruka mara moja baada ya miaka mingi, daktari anaweza kuona inafaa. Kwa anayeruka kila mwezi, tiba ya kuikabili hofu hatua kwa hatua ndiyo njia. Kidonge juu ya pombe, usithubutu.

Huzuni ya kurudi: siku chache hadi wiki ni kawaida, haihitaji jina la ugonjwa. Ikifika wiki mbili, karibu kila siku, na usingizi na hamu ya kula vimebadilika, apimwe sonona. Huenda ilikuwepo kabla, likizo iliifunika tu.

---

Mama_Ratiba

Jambo moja halijaguswa: ndani ya safari ya familia kuna mtu mmoja ambaye hajaenda likizo. Ni yule aliyepanga. Anajua pasipoti ziko wapi, dawa ya mtoto ni saa ngapi, nani hali nini, gari linakuja saa ngapi. Wengine wamebadilisha mahali, yeye amehamisha ofisi. Kwa ile orodha ya Sonnentag, hana hata moja kati ya manne.

Kusema "nisaidie basi" hakutibu, kwa sababu kusimamia msaada nako ni kazi. Gaweni siku, si kazi. Jumatatu mtu mmoja ndiye mwenye kuamua na kukumbuka kila kitu, Jumanne mwingine, na asiye zamu haulizwi swali lolote, hata "soksi ziko wapi". Kisha kila mtu mzima apate saa tatu kila siku ya pili, peke yake, bila kueleza anakwenda wapi.

Na mwisho wa safari upangwe. Tangu kazi za Daniel Kahneman na wenzake za mwaka 1993 inajulikana kwamba kumbukumbu ya tukio huongozwa na kilele chake na namna lilivyoisha, urefu wake hauna uzito mkubwa. Sisi tunafanya kinyume: jambo zuri tunalimaliza siku ya pili, siku ya mwisho ni kufunga mabegi, kugombania bili, foleni na watoto kulia. Lipeni na mfunge mizigo jioni ya kuamkia siku ya mwisho. Siku ya mwisho iwe na kitu kimoja kizuri, kifupi, karibu na mlipolala.

---

Tulivu_Kazini

Nilibakiza kurudi.

Fika nyumbani siku mbili kamili kabla ya kazi, nguo zifuliwe na usingizi urudi mahali pake. Ukiweza, anza kazi Jumatano au Alhamisi ili wiki ya kwanza iwe fupi. Siku ya kwanza usiwe na kikao kabla ya mchana. Barua pepe zisome kuanzia mpya kwenda za zamani, maana nyingi za zamani zimeshajibiwa na mtu mwingine, kisha fungua ile karatasi uliyoiacha mezani. Wiki mbili za kwanza toka kazini kwa wakati, kila siku. Hili lina ushahidi: Jana Kühnel na Sonnentag (2011) waliwafuatilia walimu 131, faida ya likizo ikafifia ndani ya mwezi. Mzigo wa kazi baada ya kurudi uliiharakisha kufifia, na mapumziko ya jioni yaliichelewesha. Kwa hiyo msimamizi anayempokea mtu kwa rundo la wiki mbili amemfutia likizo yake kwa mkono wake.

---

MpangaZamu

La mwisho kabisa. Wapo watakaosema lazima wabebe kompyuta ya kazi. Tukatae?

---

Tulivu_Kazini

Kataeni kama kanuni, na ruhusa iombwe kwa maandishi na sababu yake. Akiruhusiwa: dakika 30, mara mbili kwa wiki, siku na saa zilizotajwa, asubuhi kabla ya shughuli wala si usiku kabla ya kulala, na akae mezani, si kitandani. Kengele ikilia anafunga hata kama yuko katikati ya sentensi, ila aandike kwanza mstari mmoja wa hatua inayofuata. Na siku hizo msizihesabu kama likizo. Mwajiri akiona zinamgharimu, sababu za lazima zitapungua zenyewe.